Mzee Bado na Santuri ya Marita

Ukikaribishwa chai nyumbani kwa Hezron Mwasomola pale Nkunga, ujue umekaribishwa na kusubiri. Maji yatachemka, majani yatatiwa, harufu itakujia mpaka mate yakujae mdomoni, na mwenyewe atafunika birika kwa kitambaa na kukaa kimya. Ukinyoosha mkono atakuambia, "Bado." Yule kijana aliyekuja kumchumbia binti yake Tulia alisubiri hiyo chai mpaka gari ya mwisho ya kwenda Mbeya ikampita barabarani, akalala ukweni bila mswaki wala shuka. Kijana wa watu! Mpaka leo akisikia neno chai anacheka peke yake.

Tabia hii Hezron hakuzaliwa nayo, aliitoa kiwandani. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kwenye kiwanda cha chai, upande wa tanuri la kukaushia. Alikuwa anachota majani kiganjani, anayafikicha, anayanusa, halafu anatikisa kichwa: bado. Mabosi walikuja na haraka zao, magari yamesimama nje yanangoja mzigo, yeye bado. Wenzake wakampachika jina la Mzee Bado hata kabla hajaota mvi, na jina likahamia naye kijijini alipostaafu. Na kiwandani mashine mpya haikupewa majani mazuri siku ya kwanza. Walikuwa wanaizungusha tupu kwanza, wakailisha makapi ya kutupwa, ikasaga hayo mpaka vyuma vikazoeana, ndipo ikaonja majani ya maana. Hezron aliamini hivyo kama alivyoamini Amri Kumi.

Sasa, mtu wa namna hiyo ukampa mtambo wa santuri, umetafuta balaa.

Mtambo wenyewe aliupata kwa familia ya mchungaji mmoja wa zamani. Mchungaji alipofariki, watoto wake walikuja kusafisha nyumba, na kwa vile Hezron ni mzee wa kanisa na alishinda nao akibeba makabati, wakamwambia achukue kile kidude kilichokuwa kinakula vumbi, pamoja na boksi la santuri. Akakibeba kichwani hadi nyumbani. Mkewe Atupele akamuuliza kama ameleta jeneza la paka. Lakini alipolifungua boksi na kupangusa santuri moja moja, Hezron alikuta kitu kilichomfanya akae chini sakafuni. Ilikuwa santuri ndogo ya kwaya ya vijana ya misheni yao, na kwenye karatasi ya katikati, chini ya jina la wimbo, iliandikwa kwamba anayeongoza ni Marita.

Marita ni jirani yao. Ukitoka kwa Hezron unapita migomba, unapita mparachichi mkubwa, unamkuta barazani kwake anamenya ndizi. Wakati kwaya ile ilipopelekwa mjini kurekodiwa yeye alikuwa msichana, na Hezron alikuwa mtoto wa kukimbizwa kwenye madirisha ya kanisa. Aliikumbuka sauti ile. Aliikumbuka kweli kweli, maana siku za mazoezi aliacha ng'ombe wa baba yake waingie kwenye maharage ya watu kwa sababu ya kumsikiliza Marita, na fimbo alizokula aliona zilikuwa halali yake.

Na Marita mwenyewe? Hakuwahi kuisikia. Santuri ilipofika alikuwa ameshaolewa mbali, huko Kisiba, kwa mwanamume ambaye hakutaka mke wa kuimba mbele za watu. Watu wa misheni walijikusanya sebuleni kwa mchungaji, wakaisikiliza, wakashangilia, yeye akiwa jikoni kwa mkwewe. Aliporudi Nkunga na ujane wake, hakuna aliyekuwa anakumbuka santuri.

Basi Hezron, kwa mdomo wake mwenyewe, ndiye aliyekwenda barazani kumwambia. "Dada Marita, sauti yako ninayo nyumbani."

Marita akaweka kisu chini. "Sauti yangu ipi?"

"Ile ya kwaya. Ya santuri."

"Ee Kyala, Mungu wangu!" Mama wa watu akajishika shingo kama mtu anayetafuta kama sauti ingalipo humo. "Nimebeba watoto, nimezika mume, nimezeeka, sijawahi kujua nasikikaje. Utanipigia lini?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Mtambo ulikuwa unazunguka vizuri, lakini kichwa chake kilikuwa kimekufa, kile kidude kidogo mwishoni mwa mkono ambamo sindano inakaa na kuokota sauti kutoka kwenye mistari ya santuri. Ukikishusha kilikoroma tu. Hezron akamwahidi kwamba atatafuta kingine. Na ahadi hiyo haikuwa ya kuchezea, kwa sababu sikio la kushoto la Marita lilikuwa limekufa siku nyingi, na la kulia lilikuwa linaondoka polepole. Daktari alishamwambia binti yake Winfrida, mwalimu wa shule ya msingi, kwamba sikio hilo halitapona, litazidi kupungua. Jambo hili lilijulikana na mtaa mzima. Hezron alilijua. Hawezi kuja kusema hakulijua.

Ikachukua muda, lakini Tulia alikihangaikia hicho kichwa huko Dodoma anakofanya kazi mpaka akakipata, akakituma kwa basi. Hezron akakipeleka kwa Dickson, fundi redio mwenye kibanda karibu na soko la Tukuyu. Dickson akakifunga, akapima uzito wa mkono, akashusha sindano kwenye santuri moja ya dansi. Loo! Muziki ukatoka mpaka wauza nyanya wakageuka. Lakini Hezron alikunja uso.

"Mbona kali kali? Kila penye 's' panapiga filimbi."

"Ndiyo, mzee. Humu ndani kuna kampira kanashikilia sindano. Kakiwa kapya ni kagumu. Ukiendelea kupiga kanalegea, sauti inatulia yenyewe. Wewe sikiliza tu nyimbo zako, kitazoea huku unakula raha."

Maneno ya fundi yalikuwa hayo, na hayana kona. Lakini sikio la mtu linachagua. Hezron alisikia "kagumu", akasikia "kanalegea". Hiyo "sikiliza tu" ilimpitia pembeni. Njiani kurudi nyumbani alikuwa ameshapanga: kichwa kipya ni mashine mpya. Kwanza kitalishwa makapi. Majani mazuri baadaye.

Na kweli, asubuhi yake akaanza. Akaweka santuri ambazo hazikumhusu, madansi ya zamani, hotuba za kilimo, muziki wa Wazungu wa vinanda, akaziacha zizunguke kutwa nzima wakati yeye akipalilia nje, akija kugeuza tu upande. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina adabu, inanyesha inavyotaka, na siku hizo ilinyesha na kupumzika, ikanyesha na kupumzika, na muziki ukawa unapenya katikati. Marita akausikia kutoka barazani kwake, kwa kile kisikio kilichobaki. Akajifunga khanga, akashika mwamvuli, akaja akikanyaga matope.

"Ni mimi huyo?" akauliza kutoka uani, akitega sikio la kulia.

"Hapana, dada. Siyo wewe. Bado kidogo."

"Aa. Ndaga, tata." Akashukuru hivyo kwa Kinyakyusa chake, akarudi.

Kesho yake akaja tena. Safari hii ilikuwa hotuba ya mbolea. "Ni mimi?"

"Siyo wewe, dada. Kichwa bado kigumu. Nataka kilainike, usikie vizuri."

"Wewe fundi ndiye unajua." Akacheka. "Mimi hata kikikwaruza nitasikia tu, lakini sawa."

Atupele alikuwa jikoni anasikia yote. Akatoka na mwiko mkononi. "Baba Tulia, mpigie yule mama wimbo wake. Unamngojesha nini?"

"Mama Tulia, mambo ya mitambo niachie."

"Nakuachia. Lakini masikio ya mtu siyo majani ya chai."

Hezron akanuna. Hakupenda kuambiwa ukweli na mtu aliyeshika mwiko.

Basi wiki ikapita, ikaja nyingine. Sauti ikaanza kulainika, filimbi zikapungua, vinanda vikaanza kupumua. Siku moja ya mawingu, Atupele akiwa ameenda sokoni, Hezron akaona hawezi tena kujizuia. Akafunga mlango. Akapunguza spika. Akaitoa santuri ya Marita kwenye gamba lake, akaipangusa kwa kitambaa cha miwani, akashusha sindano.

Jamani. Ile sauti. Ilitoka safi, ya msichana asiyejua lolote kuhusu mume wala ujane, ikapanda juu ya wenzake wote na kukaa huko. Hezron alisimama katikati ya sebule, mtu mzima na mvi zake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Ilikuwa tayari. Kila kitu kilikuwa tayari. Ni pale juu kabisa tu, kwenye noti moja, ndipo paliposikika kafilimbi kembamba mno, ambako mtu asiyekatafuta asingekasikia.

Wakati huohuo mlango ukagongwa. "Hodi! Hezroni! Upo?"

Na Hezron akanyanyua sindano.

Aliinyanyua haraka kama mwizi. Akaichomoa santuri, akaisukuma chini ya mto wa kochi, akajifuta uso kwa mkono wa shati, akafungua mlango. Marita alisimama pale, mwamvuli unachuruzika maji, macho yamemtoka.

"Ulikuwa unapiga nini?"

"Hakuna, dada. Nasafisha mtambo."

Uongo mweupe, mchana kweupe, kwa mama aliyetembea kwenye matope. Na kwa nini? Kafilimbi? Hapana. Hebu tuseme ukweli, maana Hezron mwenyewe amejiambia huo ukweli mara nyingi tangu siku ile. Kichwani mwake alikuwa ameshaandaa Jumapili. Mchungaji angekuwepo, wanakwaya wangekuwepo, sebule imejaa, Marita ameketi kiti cha mbele, na yeye Hezron angeshusha sindano mbele ya wote, sauti itoke bila doa, watu waseme, "Mzee Bado, kumbe ulikuwa unajua unachongoja." Sifa ndiyo aliyokuwa anaipika. Akipiga leo, kwa mtu mmoja aliyeloa mvua, nani angejua?

"Jumapili, dada," akasema. "Jumapili ijayo, baada ya ibada. Uvae vizuri."

"Nitavaa," Marita akasema. Akasimama kidogo kama mtu anayetaka kuongeza neno, halafu akarudi na mwamvuli wake.

Jumapili haikufika kwa Marita kama ilivyofika kwa wengine. Katikati ya wiki homa ilimwangusha. Winfrida alimpeleka hospitali, akalazwa, homa ikampanda mpaka akawa anaongea na mumewe aliyekwisha kufa. Mungu saidia akapona. Akarudishwa nyumbani amekonda, shingo kama ya kifaranga. Atupele alikwenda kumpa pole na chungu cha ndizi za mbalaga na maziwa. Aliporudi, alikiweka chungu mezani, akakaa, hakufungua hata kitenge kichwani.

"Vipi hali yake?" Hezron akauliza.

"Mwili mzima. Anakula." Atupele alimtazama mumewe. "Hasikii, Baba Tulia. Nimemsalimia mpaka nikapiga kelele. Hasikii chochote. Lile lililobaki nalo limekwenda."

Hezron alitoka nje, akaenda kusimama kwenye migomba. Atupele hakumfuata. Hakusema nilikwambia. Afadhali angesema. Angemtukana, angemrushia hata huo mwiko, angekuwa amempunguzia mzigo.

Tangu siku ile, mtu huyu akawa mwizi kijijini kwake. Akitaka kwenda dukani anazungukia mashamba ya chai, analoa mpaka magotini, ili asipite barazani kwa Marita. Kanisani alikaa nyuma. Mtambo aliufunika kwa shuka. Chai yake ikawa inanyweka ikiwa nyepesi, wageni wakashangaa, maana alikuwa anamimina tu maji yakichemka, hasemi tena lile neno lake. Watu wakadhani anaumwa. Na alikuwa anaumwa, ila ugonjwa wenyewe hauna kidonge. Usingizi ukimjia anaiona ile Jumapili yake, sebule imejaa, kiti cha mbele kitupu.

Mara mbili alifika hadi kwenye mparachichi, akamwona Marita kwa mbali anamenya ndizi, akarudi. Angemwambia nini? Na hata akimwambia, ataambiwa nani?

Lakini Marita hakusubiri. Jumapili moja baada ya ibada, wakati Atupele anapakua chakula, walisikia hodi kubwa mlangoni, hodi ya mtu asiyejua sauti yake imefika wapi. Alikuwa Marita, amemshika Winfrida mkono. Alikuwa amevaa gauni jeupe na kilemba cha bluu, rangi za kwaya ile ya zamani. Alikuwa amevaa vizuri, kama alivyoambiwa.

"HEZRONI!" akasema kwa nguvu. "NIMENGOJA UJE KUNIITA, NIKAONA UMESAHAU! LEO KIMELAINIKA?"

Hezron akamtazama Winfrida. Winfrida akasema taratibu, "Nimemweleza kwamba hatasikia, mjomba. Anajua. Amesema anataka kuiona tu inavyozunguka."

Hakukuwa na mahali pa kukimbilia. Hezron akaondoa shuka. Akashindwa kulenga tundu la santuri, Atupele akaja akamsaidia. Marita akaketishwa kwenye kiti, karibu kabisa na mtambo, mikono magotini. Sindano ikashuka.

Na sauti ikatoka. Sasa haikuwa na kafilimbi, haikuwa na doa, hata pale juu kabisa. Kampira kalikuwa kamelegea vizuri, kila kitu kimeiva kama alivyotaka, na nyumba nzima ikajaa msichana wa zamani anaimba. Winfrida alijiziba mdomo. Hakuwahi kumsikia mama yake hivyo. Atupele akaegemea mlango akalia waziwazi.

Marita aliikodolea macho ile santuri inayozunguka. "IMEANZA?"

Hezron akaitikia kwa kichwa.

"INAZUNGUKA VIZURI." Akatabasamu. Akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo, akainamisha kichwa. Halafu akamtazama Hezron usoni, akimsoma, kama mtoto anayemtazama mwalimu akisahihisha. "NAIMBAJE?"

Hezron akageuza uso pembeni.

"Usijali," Marita akasema, safari hii kwa sauti ya chini, akijiongelea nusu. "Mimi kidogo nilisikia. Siku ile ya mvua, uliyosema unasafisha mtambo. Nilikuwa mlangoni. Nikasikia msichana anaimba, anapanda, anapanda, nikajiambia, huyu ni mimi huyu. Nikagonga kwa furaha. Ukazima." Akacheka kidogo. "Nikasema basi, fundi hajamaliza, nisimharibie kazi. Kile kipande ninacho. Usiku nalala nacho. Ila sijui mwisho wake unakwendaje."

Hapo Hezron alijikuta chini, mbele ya kile kiti, ameshika pindo la gauni jeupe.

"Dada, ilikuwa tayari," akasema. "Siku ile ilikuwa tayari. Nilikudanganya. Niliificha chini ya mto. Nilitaka watu wanisifu, nilitaka mchungaji aone. Ulikuwa unasikia bado, nami nikakunyima. Mimi ndiye niliyekunyima, dada Marita. Nisamehe."

Alisema yote. Hakuacha hata neno moja. Marita alikuwa anautazama mdomo wake unavyokwenda, anaitikia kwa kichwa taratibu, uso umejaa nuru. Akamgeukia binti yake.

"ANALIA HUYU. ANASEMAJE?"

Winfrida alikuwa amesikia kila kitu. Alimtazama Hezron pale chini, na macho yake hayakuwa na huruma hata chembe. Hezron akamtazama pia, akimsihi amwambie, amfikishie, apate hata kutukanwa. Winfrida akavuta pumzi. Akamwinamia mama yake, akajigusa koo, akaonyesha juu, halafu akaweka mkono kifuani.

"Anasema uliimba vizuri, mama," akatamka polepole, kwa midomo mikubwa ili isomeke. "Mpaka mwisho."

"Aa!" Marita akapiga makofi mara moja. Akamwekea Hezron mkono kichwani, juu ya mvi zake. "NDAGA FIJO, TATA. NDAGA FIJO. NA UVUMILIVU WAKO WOTE ULE."

Santuri ilikuwa imefika mwisho, sindano imenasa kwenye mstari wa ndani, inagonga, inagonga. Marita aliona mkono umetulia, akanyoosha kidole.

"PIGA TENA," akasema.

Hezron akainuka, akapiga tena.